Maji ya Kiyoyozi na Mtoto Aliyesingiziwa



Ukurasa huu umezoea kuzungumza mambo madogo ya nyumbani, kwani nyumba haiharibiki kwa siku moja. Huanza kwa ufa, na asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mwezi huu tumeazimia kuzungumza khabari ya maji yanayovuja katika kiyoyozi, yaani mashine ya kutia baridi chumbani, na khasa kile kiyoyozi cha magurudumu ambacho husukumwa kutoka chumba hiki mpaka chumba kile. Pengine msomaji atastaajabu, aseme: Mwalimu wa chuo ana nini na mashine za baridi? Tutamweleza sababu, na sababu yenyewe haituletei sifa.

Nyumba tunayokaa hapa Mombasa ni ya kupanga, tena ya ghorofani, na mwenyewe haruhusu ukuta kutobolewa. Kwa hivyo watoto wetu wakubwa walipotaka kumpumzisha mama yao na joto la kaskazi, kwani ana maradhi ya presha, walichanga fedha wakatununulia kiyoyozi cha magurudumu. Tukakiweka chumba cha kati, na ule mpira wake mnene wa kutolea joto tukautokeza dirishani. Chumba hicho ndicho alichokuwa akilala mpwa wetu, mtoto wa miaka minane, aliyekuja kutoka Malindi kukaa nasi siku za likizo. Tulimtandikia godoro chini, karibu na mashine, ili apate baridi vizuri.

Asubuhi ya siku ya tatu godoro lilionekana limerowa upande mmoja. Tukanyamaza. Siku ya nne likarowa tena. Tukamwita mtoto faragha tukamwambia, "Mwanangu, wewe sasa ni mkubwa, mbona huamki usiku ukenda msalani?" Akajibu, "Mjomba, wallahi si mimi." Sisi, badala ya kumsikiliza, tulizidi kughadhibika kwa kuwa ameapa. Tukamwamuru alibebe godoro lake mwenyewe akalianike roshani. Watoto wa jirani wakamwona, wakamcheka, wakampa jina ambalo hatupendi kuliandika hapa.

Siku ya tano mtoto hakunywa maji tangu alasiri, na joto lile! Usiku hakula ila tonge mbili. Asubuhi godoro lilikuwa limerowa vile vile. Mama wa nyumba ndiye aliyeinama akanusa. Akasema, "Bwana, maji haya hayana harufu." Tukainama na sisi. Tukayaona maji meupe, ya baridi, yanachuruzika chini ya mashine na kufuata mteremko wa sakafu mpaka godoroni.

Ndugu msomaji, tumesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka huwaambia ya kwamba mtu asihukumiwe kwa dhana. Siku ile tuliona haya mbele ya mtoto wa miaka minane. Ndipo tukaamua kujifunza khabari ya maji haya tangu mwanzo wake, na tuliyojifunza ndiyo haya tunayoyaandika.

Kwanza yafaa tujue maji yenyewe yatoka wapi. Ziko panka za maji, ambazo mtu huzitia maji kwa mkono zikapuliza ubaridi wake. Hizo sizo tunazozizungumza. Kiyoyozi hakitiwi maji na mtu. Maji yake hutoka katika hewa. Iweke bilauri ya maji ya barafu mezani mchana wa kaskazi, na baada ya muda kidogo utaiona inatoka jasho kwa nje. Bilauri haivuji, ni mvuke wa hewa uliogusa kioo cha baridi ukageuka maji. Ndani ya kiyoyozi mna mabomba ya baridi, na panka huvuta hewa ya chumba ikapita juu yake. Basi mabomba hayo hutoka jasho kama bilauri ile, usiku kucha.

Wala mtu asidhani ya kwamba maji hayo ni machache. Chumba chenye mita tatu kwa nne, na urefu wa mita tatu kwenda juu, katika joto la digrii 30 na unyevu mwingi wa pwani, hewa yake peke yake huchukua mvuke unaokaribia lita moja ya maji. Na hewa hiyo haikai. Kila inapotoka huingia nyingine, nayo ina maji yake. Ndiyo maana mashine iliyokaa kavu kwa mtu wa Nairobi yaweza kujaza ndoo kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, na zote mbili zikawa nzima.

Katika tarikhi ya mashine hizi, jambo la maji ndilo lililotangulia. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, jina lake Willis Carrier, alitakiwa kuisaidia nyumba moja ya kupigia chapa huko Brooklyn, New York. Karatasi zao zilikuwa zikivuta unyevu wa hewa, zikitanuka na kusinyaa, hata rangi ya pili haikuangukia mahali pa rangi ya kwanza. Akabuni mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi ili kuupunguza unyevu ule. Basi kutoa maji hewani si kasoro ya kiyoyozi. Ni kazi yake tangu asili. Kasoro ni pale maji yanapoiacha njia yake.

Na njia yake ni hii. Maji hudondoka kutoka mabomba ya baridi mpaka katika sinia la chini. Katika viyoyozi vingi vya magurudumu kuna kigurudumu au pampu ndogo inayoyarusha maji hayo juu ya mabomba ya moto, nayo hugeuka mvuke tena na kutoka nje kwa ule mpira mnene. Ndiyo maana watu wengine hutumia mashine yao miezi wasiyaone maji hata tone. Lakini unyevu ukizidi, maji huwa mengi kuliko yanavyoweza kukaushwa, na sinia hujaa. Hapo boya lililomo ndani huinuka na kuizima mashine, na kwenye kioo chake hutokea herufi au tarakimu za kukuonya. Kila mtengenezaji ana alama zake, kwa hivyo kile kijitabu kinachokuja na mashine kisitupwe pamoja na boksi.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Lakini kabla ya kuigusa mashine, na tuikumbuke khatari ya umeme, kwani umeme wa nyumba zetu hapa Kenya ni wa volti 240, na maji na umeme si ndugu. Izime mashine, kisha uchomoe plagi kwa mikono mikavu. Ikiwa maji yameshafika kwenye plagi au kwenye waya wa kuunganishia, usiyakanyage wala usiushike waya. Nenda ukazime swichi kubwa ya nyumba kwanza. Watoto waondoke chumbani. Na ni lazima tuseme wazi ya kwamba kiyoyozi kisichomekwe katika waya mwembamba wa kuunganishia uliolazwa sakafuni, kama tulivyofanya sisi kwa ujinga. Mashine hii hula umeme mwingi, nayo hutaka soketi yake ya ukutani. Tulipoliinua godoro la mtoto tuliona soketi ya ule waya wetu ipo shubiri mbili tu kutoka kwenye maji. Tulikuwa tukimwonea haya mtoto kwa godoro, na kumbe kilichokuwa kikimnyemelea kilikuwa kikubwa kuliko godoro.

Baada ya hayo, futa sakafu mpaka ikauke kabisa. Kausha na mwili wa mashine kwa kitambaa. Kisha tandika magazeti makavu chini yake, upande wa mbele, wa nyuma na wa ubavuni, ungoje saa moja mashine ikiwa imezimwa. Utazame gazeti gani limeanza kurowa. Likirowa ilhali mashine imezimwa, maji yanatoka katika sinia, ama kwa kizibo ama kwa ufa. Yakibaki makavu, basi iwashe, huku umekaa mbali na maji, ukaangalie tena. Kwa kazi hii ndogo, isiyogharimu hata senti, utakuwa umeshajua nusu ya khabari.

Sababu ya kwanza ya kuvuja, na ndiyo nyepesi kuliko zote, ni kizibo. Nyuma ya mashine, chini kabisa, kuna tundu la kumwagia maji. Mara nyingi tundu hilo lina vitu viwili: kizibo cha mpira kwa ndani na kifuniko cha kuzungusha kwa nje. Kifuniko peke yake hakizuii maji. Tazama kama kizibo kipo, kama kimekaa sawasawa, kama hakikupasuka wala hakikushika mchanga. Mpira ukishakakamaa haufai. Tafuta mwingine wa kipimo chake.

Sababu ya pili ni mkao wa mashine. Ikiinama, maji hukimbilia upande mmoja wa sinia na kumwagika kabla boya halijainuka. Weka bilauri yenye maji nusu juu yake, ikiwa imezimwa, utazame maji yamelala sawa au yameinama. Sakafu zetu nyingi zina mteremko. Chagua mahali palipo sawa, wala usiitie vibao vya kuyumba chini ya magurudumu. Tena usiisukume kutoka chumba hadi chumba ilhali sinia lina maji. Mwaga kwanza: weka beseni la kina kifupi chini ya tundu, toa kizibo pole pole, na yakijaa beseni rudisha kizibo, umwage, uanze tena.

Sababu ya tatu ni mpira mwembamba wa kuondolea maji, kwa wale walioufunga ili maji yatoke wenyewe mpaka kwenye ndoo au msalani. Maji hayapandi mlima. Mpira huo sharti uteremke kutoka mwanzo mpaka mwisho, usijikunje, usipande kizingiti cha mlango, wala ncha yake isizame katika maji ya ndoo. Ukipanda hata kidogo, maji hurudi nyuma yakajaza sinia.

Sababu ya nne ni chujio la hewa. Vumbi likishalijaza, hewa haipiti vya kutosha. Mabomba ya baridi huzidi kupoa mpaka yakashika barafu. Mashine ikizimwa, barafu huyeyuka kwa pamoja na maji yake hayatoshi katika njia ya kawaida. Dalili yake ni upepo kupungua, na mara nyingine barafu yenyewe huonekana nyuma ya chujio. Dawa ni kuzima mashine barafu iyeyuke, kisha kuliosha chujio kwa maji na sabuni kidogo, kulikausha kivulini na kulirudisha. Katika siku za joto lifanye hivyo kila baada ya wiki mbili. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, kila wiki. Ikiwa chujio ni safi na barafu yaendelea kushika, pengine gesi imepungua au panka limechoka. Hapo ndipo pa fundi.

Sababu ya tano ni utando. Penye unyevu na vumbi huota utelezi, nao huziba vijitundu vya kupitishia maji ndani, hata yakafurika kabla hayajafika katika sinia la chini. Dalili yake ni harufu ya uvundo, na maji kutoka mbele au ubavuni ilhali sinia la chini halikujaa. Kuvifungua vijitundu hivyo ni kazi ya anayejua kuifungua mashine. Mwenye nyumba asichokoe kwa msumari, kwani mabomba hutoboka.

Sababu ya sita ni milango na madirisha. Mashine yenye mpira mmoja hutoa hewa ya chumba nje, na badala yake hewa ya nje huingia kwa kila upenyo. Dirisha likiachwa wazi, ni sawa na kutaka kukausha bahari kwa kata. Ziba vizuri pale mpira mnene unapotokea. Na katika masika tazama tena mahali hapo, kwani huenda maji unayoyaona ni ya mvua iliyoingia kwa dirisha, na mashine haina kosa.

Zikishindikana hizi zote, basi huenda boya limekwama, pampu imekufa, au sinia limepasuka kwa kuangushwa njiani. Hayo mwachie fundi wa mafriji. Lakini umwite ukiwa umeshachungua, na umwambie uliyoyaona: maji yatoka upande gani, yatoka ikiwashwa au hata ikizimwa, na yalianza siku gani. Tunasema hivi kwa kuwa fundi wa kwanza tuliyemwita alisimama mlangoni tu, akasema gesi imekwisha, akataja bei iliyotutoa jasho kuliko joto. Hakuinama, hakutazama nyuma. Hatukumlaumu sana, kwa sababu alifanya kwa mashine yale yale tuliyoyafanya sisi kwa mtoto: alitoa hukumu kwanza.

Kilichokuwa kikivuja kwetu kilikuwa kizibo. Siku mashine ilipoletwa vijana walifungua tundu la nyuma kwa kutaka kujua ni la nini, wakarudisha kifuniko cha nje na kukisahau kizibo cha mpira. Tulikikuta ndani ya boksi, katika mfuko mdogo wa nailoni, pamoja na kile kijitabu ambacho hapana aliyekisoma. Tukakitia, tukafuta sakafu, tukatandika magazeti. Asubuhi yalikuwa makavu, na godoro kavu.

Jirani mmoja aliyesikia kisa hiki alituuliza: Je, maji hayo ni najisi, na nguo zilizorowa zitoharishwe? Jawabu ni kwamba asili ya maji haya ni mvuke wa hewa, kama umande. Si najisi, na nguo haiharibikiwi kwayo. Lakini kuwa tohara si kuwa ya kunywa. Yamepita juu ya madini, vumbi na utando, kwa hivyo yasinywewe wala yasipikiwe. Yatumie kwa kupigia deki na kumwagilia maua. Kwetu hujaza ndoo ya lita tano usiku mmoja wa kaskazi, na asumini wetu wa roshani wameyafurahia.

Limebaki jambo moja. Kizibo kilirudi mahali pake kwa dakika mbili, lakini jina alilopewa mtoto lilikuwa limeshatoka nje ya mlango, na jina halina kizibo. Tuliona ya kwamba kosa lililofanywa mbele za watu haliombewi radhi chumbani. Basi jioni ile tuliwaita wale wale watoto wa jirani waliocheka, tukawaonyesha mashine, tukatoa kizibo mbele yao wakaona maji yakitoka na kushika njia ya godoro. Kisha tukasema mbele yao, "Mtoto huyu alisema kweli, na mjomba wake ndiye aliyekosa." Hakujibu neno. Alikwenda mtungini akanywa bilauri mbili za maji, moja baada ya nyingine, nasi tukageuza uso.

Kwa hivyo enyi wazee wenzetu, mkiona maji sakafuni, chungueni mashine kabla ya kumchungua mtoto. Nanyi vijana mnaojua kusoma, kijitabu cha mashine kisomeni siku inapoletwa, kisha muwasomee wakubwa wenu. Ni khidma ndogo, lakini ingetuepushia sisi aibu ya siku tatu.

Wabillahi taufiki.